Mkono wa Kula: Kutoka Mabaraza ya Kisauni Hadi Sataranji ya Mjambere

Kabla ya mwaka 1931 mtu aliyetaka kwenda Kisauni hakuwa na budi kuuvuka mkono wa bahari kwa chombo, kwani daraja la kwanza la Nyali, lile lililoelea juu ya maji, lilikuwa halijafunguliwa, na sehemu yote ya bara iliyokikabili kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, kwa upande wa kaskazini ilikuwa ni mashamba ya minazi na miembe, yenye nyumba moja moja za makuti na vijia vya mchanga baina yake. Tangu azali kisiwa kimelishwa na bara. Hata msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba wenyeji wake hawakuwa na kilimo cha nafaka, bali chakula chao kililetwa kutoka pwani ya pili. Mjambere, ambayo leo ni wadi katika eneo bunge la Kisauni, yenye maghorofa yaliyosongamana, maduka ya simu na bodaboda zisizopumzika, ilikuwa ni sehemu ya ulimwengu huo wa mashamba, na mtu wa makamo ambaye babake alikuwa mkwezi wa minazi hahitaji kitabu kumwambia hayo.

Nia yangu katika makala haya si kuandika tarikhi ya Kisauni yote, kazi ambayo ingehitaji mtu mwenye wasaa na hati nyingi zaidi kuliko nilizo nazo. Nataka kuuliza jambo moja dogo: hawa vijana wa Mjambere wachezao sataranji kwa simu usiku kucha, dhidi ya mahasimu wasiowaona walioko Manila, Lima au Cairo, uchezaji wao umetoka wapi? Kwani mwenye kuwatazama kwa nadhari haoni uchezaji wa vitabuni, wala ule wa mtoto aliyelelewa na mwalimu wa klabu. Huona mkono mwepesi, wenye kupenda kula, wenye kuthubutu kutoa kete kubwa pasi na hofu, ambao hushinda upesi na hushindwa upesi zaidi. Nami nadai kwamba mkono huo ulifunzwa barazani, kwa kete za bao na vifuniko vya chupa, kabla ya vijana hawa kuijua sataranji, na kwamba uzuri wa mchezo wao na kasoro zake ni ndugu wa tumbo moja.

Basi tuanze na baraza lenyewe. Daraja lilipofunguliwa, na zaidi baada ya kiwanda cha saruji cha Bamburi kuanza kazi mwaka 1954, watu walimiminika Kisauni kutoka kila upande, Wamijikenda na Waswahili, watu wa bara na watu wa visiwani, na aghlabu walijenga juu ya ardhi isiyokuwa yao, wakimlipa mwenye shamba kodi ya kiwanja kila mwezi huku nyumba ikiwa ni mali ya aliyeijenga. Nyumba yenyewe ilikuwa ni ile ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani nyuma, na mbele ya mlango kibaraza cha kukalia. Chumba kimoja kikipangwa na mpakuzi wa bandarini na cha pili na fundi cherehani, hawana nasaba wala lugha ya mama moja, walikutana wapi jioni ila pale kibarazani? Na watu wasio na nasaba moja wakikaa pamoja kila siku, mazungumzo huisha, ila mchezo hauishi. Mwuza kahawa akipita na dele lake akigonganisha vikombe, hakuwa na haja ya kuuliza wateja wako wapi. Palipokuwa na ubao ndipo palipokuwa na watu.

Ubao wa kwanza kwa umri na kwa heshima ni bao la kete. Mchezo huu ulikuwa umeshakomaa Mombasa zamani za utawala wa Mazrui, na Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyeishi mwisho wa karne ya 18 na miongo ya kwanza ya karne ya 19, hakuona kuwa ni jambo dogo mno kuliingiza katika mashairi yake. Mpangilio wake wajulikana: safu nne za mashimo manane manane, kila mchezaji akimiliki safu mbili zilizo upande wake, na kete 64, ambazo zilizo bora ni mbegu za komwe, ngumu, laini, za rangi ya kijivu, zenye kulia zikigongana kiganjani. Katika bao la Kiswahili kila mmoja huanza na kete sita ndani ya shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo jirani, na 22 zilizobaki huwa mkononi. Kwanza hunamua, akiingiza kete moja kila zamu, na zikiisha za mkononi mchezo huingia katika awamu ya mtaji, ambapo hapana kete mpya tena ila zile zilizomo ubaoni. Mwendo mmoja waweza kuzunguka, ukala, ukazunguka tena, ukala tena, hata kete ya mwisho ilale katika shimo tupu, na fundi wa kweli huwa ameshayaona hayo yote kabla hajaunyosha mkono. Mholanzi Alex de Voogt, aliyeandika tasnifu yake mwaka 1995 juu ya mafundi wa bao wa Unguja, alishughulika hasa na swali hilo: akili ya mtu yaweza kufika umbali gani katika hesabu kama ile bila ya kuzigusa kete.

Na hapa nisimame kidogo niseme jambo ambalo limenifurahisha tangu nilipolitambua, ingawa halithibitishi chochote. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina kete 32 na vyumba 64.

Sataranji nayo si mgeni kwa watu wa pwani hii, walau kwa habari. Ilizaliwa Bara Hindi, ikalelewa Uajemi, kisha Waarabu wakaipokea na kuifanyia elimu, wakaiandikia vitabu na kuwapanga wachezaji kwa matabaka. Said bin Jubayr, yule tabiin mwenye asili ya Kihabeshi aliyeuawa na gavana Hajjaj mwaka 714, husimuliwa kwamba alikuwa akicheza ameugeuzia ubao mgongo. Abu Bakr as-Suli alicheza mbele ya makhalifa wa Baghdadi katika karne ya 10, na akaacha fumbo moja la mwisho wa mchezo lililokaa muda wa kama miaka elfu kabla Mrusi Yuri Averbakh hajalifumbua. Watu wa Mombasa walikuwa wakifuata madhehebu ya Imamu Shafii tangu siku za Ibn Battuta, naye ndiye aliyeandika hivyo. Na Imamu Shafii, tofauti na maimamu wengine waliokuwa wakali zaidi, hakuiharamisha sataranji bali aliiona ni makuruhu, maadamu hapana kamari ndani yake wala haimshughulishi mtu hata ikampita sala. Kwa hivyo haikuwa sheria iliyoizuia sataranji isienee vibarazani. Nadhani sababu yake ilikuwa nyepesi zaidi. Bao huchongwa na seremala yeyote, na ukikosa seremala huchimbwa mchangani. Lakini sataranji yataka kete za sura sita mbalimbali, na ikipotea farasi mmoja mchezo wote umekwama.

Kizuizi hicho ndicho kilichoipa dama nafasi yake. Dama huchezwa juu ya ubao wenye vyumba 64 sawasawa na wa sataranji, lakini kete zake zote zina sura moja, na tangu Mmarekani William Painter alipobuni kifuniko cha chuma cha chupa mwaka 1892, dunia nzima imekuwa ikizitupa kete za dama njiani bure. Huko Kisauni ubao ni kipande cha mbao kilichochorwa kwa rangi au kwa makaa. Mmoja huvilaza vifuniko vyake kifudifudi na mwenziwe huvilaza chali, na kete ikifika mwisho wa ubao hubebeshwa kifuniko kingine mgongoni ikawa kingi, inayokwenda mbali itakavyo. Mwenye kushindwa huinuka, mwenye kushinda hukaa, na mtu aliyekaa tangu alasiri hata magharibi hana haja ya cheti. Watazamaji nao hawanyamazi. Wasemayo aghlabu hayana msaada wowote na mengine ni matusi yaliyovishwa kanzu, lakini kijana aliyesimama nyuma ya mabega yale kwa miaka miwili hujifunza kuusoma ubao kama mtoto wa chuoni ajifunzavyo aya, kwa kusikia wenzake wakirudia.

Sasa nije kwenye kiini cha maneno yangu. Bao na dama, kwa tofauti zake zote, zina kaida moja inayozifunga pamoja: kula ni lazima. Mchezaji wa bao aliye na mtaji, yaani nafasi ya kula, hana ruhusa ya kuuacha akaenda mwendo wa kutakata, yaani usiokula. Mchezaji wa dama ambaye kete ya hasimu imekaa wazi mbele yake lazima airuke, hata akijua kwamba atakaporuka atapigwa. Sanaa nzima ya dama imesimama juu ya sharti hilo. Fundi humlisha mwenziwe kete moja, kisha ya pili, akimkokota kwa kanuni kama ng'ombe aongozwavyo kwa kamba, hata ampeleke mahali ambapo kifuniko kimoja kitaruka vinne na kutua kingi. Kwa hiyo mtu aliyekulia katika mchezo huo hupata vipaji viwili ambavyo walimu wa sataranji Ulaya huwafundisha watoto kwa taabu nyingi: huona mlolongo mrefu wa miendo ya lazima pasi na kuugusa ubao, na haoni uchungu kutoa mali yake ili apate jambo kubwa zaidi.

Vipaji hivyo vinafanana sana na mchezo mmoja mashuhuri wa Paris, unaosimuliwa kuwa ulichezwa kiasi cha mwaka 1750 na Légal, mwalimu wa mchezaji mashuhuri Philidor, aliyekuwa fundi wa mkahawa wa Régence. Nao mkahawa ule, ukiondoa vioo na viti vyake, ulikuwa ni baraza la kahawa na ubao kama mengineyo. Askofu wa hasimu alikuwa amemtia farasi wa Légal katika kifungo, kwani farasi akiondoka malkia aliye nyuma yake huliwa. Légal akamwondoa farasi kwa makusudi, akala kitunda cha katikati. Hasimu akamla malkia. Askofu wa Légal akala kitunda kilicho ubavuni mwa mfalme na kumshambulia. Mfalme akasogea hatua moja, kwa kuwa hakuwa na pengine. Na farasi wa pili akaruka katikati ya ubao, mfalme akafungwa mbele ya jeshi lake zima. Mwonyeshe mzee wa dama wa Mjambere hatua hizo, ukimweleza tu jinsi kila kete iendavyo, naye hatastaajabu hata kidogo. Atakuambia kwamba yule aliyemla malkia alilishwa.

Walakin kuna neno moja ambalo mzee huyo atalikosea, na kijana wa simu hulikosea kila siku. Hasimu wa Légal hakulazimishwa kumla malkia. Alimla kwa tamaa. Sataranji haimlazimishi mtu kula ila asipokuwa na hatua nyingine halali, kama vile mfalme wake anaposhambuliwa na hapana njia nyingine ya kumwokoa, na hapo ndipo mkono uliofunzwa barazani unapoteleza kwa pande mbili. Kwanza, kijana hula kila kinacholika, kitunda cha pembeni ambacho hakina faida, askofu ambaye kumla kunamfungulia hasimu njia, kwani mkono wake haujui kuiacha kete iliyo wazi ikae. Pili, yeye mwenyewe akimlisha hasimu hutaraji kwamba hasimu atakula. Naye Mfilipino aliye upande wa pili hutazama, hushuku, husogeza kitunda kimoja upande mwingine wa ubao, na sadaka ile ikabaki kuwa hasara tupu. Nimewahi kumwona mmoja wao akiitikisa simu kana kwamba imeharibika, kwa kuwa hasimu wake amekataa ngome ya bure.

Kasoro ya pili ina asili ya kale zaidi. Katika bao, aliyeishiwa na kete katika safu yake ya mbele ameshindwa. Katika dama, asiye na pa kwenda ameshindwa. Na katika sataranji ya Waarabu wa zamani, mfalme aliyezuiwa asiwe na hatua, na hata mfalme aliyebaki peke yake bila jeshi, alihesabiwa kuwa ameshindwa. Wazungu ndio waliolikoroga jambo hili. Waingereza kwa muda wa kama karne mbili walimhesabu aliyemzuia mwenziwe kuwa ndiye aliyeshindwa, na ni mwanzoni mwa karne ya 19 tu, kwa juhudi za bwana mmoja aitwaye Sarratt, walipokubali kufuata kanuni tuliyo nayo leo, kwamba mfalme asiyeshambuliwa ila hana hatua, naye hana kete nyingine ya kuichezesha, mchezo ni sare. Mimi sioni insafu yake, lakini kanuni haikungoja nione.

Basi tazama lililotokea usiku mmoja katika mchezo wa dakika tatu. Kijana ana malkia na vitunda viwili, hasimu amebakiwa na mfalme mweusi peke yake, amejikunyata katika kona ya a8. Saa ya kijana imebaki sekunde kumi na moja. Anampeleka malkia hadi c7. Kwa jicho la dama hapana mwendo uliokamilika kuliko huo: b8 imefungwa, b7 imefungwa, a7 imefungwa, mfalme hana hata unyasi wa kukanyaga. Kioo kikaandika sare. Hakuwa mjinga, hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa kwa mchezo wa babu yake, na kwa mchezo wa as-Suli pia.

Ilikuwaje basi kete za Mjambere zikahamia hewani? Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zipitazo chini ya bahari zilitua Mombasa, ule wa TEAMS utokao Fujairah katika Falme za Kiarabu, na wa SEACOM, na ndani ya miaka michache simu iliyokuwa ya kupigia ikawa ni kitabu, sinema na uwanja. Tovuti ya sataranji ya Chess.com ilikuwa imeanza mwaka 2007 na ile ya Lichess mwaka 2010, hii ya pili ikiwa haitozi kitu, wala haihitaji bando kubwa, kwani mwendo wa kete moja ni habari ndogo mno kusafirishwa. Lile tatizo la kale la farasi aliyepotea likaondoka mara moja. Kete za kioo hazipotei. Kisha ukaja mwaka 2020. Amri ya kutotoka nje usiku ilianza Machi 27, na kutoka Aprili 8 hadi Julai kaunti ya Mombasa ilifungwa, asiingie mtu wala asitoke; mabaraza yakatupwa, kwani ubao uliozungukwa na watu kumi na kete zinazopita mikononi mwa wote ndiyo hasa mambo yaliyokatazwa. Waliokuwa wakicheza dama kibarazani na sataranji kwa mzaha katika simu walibakiwa na simu. Mwaka huo huo hata Olimpiki ya sataranji ilichezwa mtandaoni, na katika fainali ya Agosti 30 wachezaji wawili wa India walikatikiwa na mtandao saa zao zikaisha, hata wakuu wa shirikisho la dunia wakaamua India na Urusi zigawane dhahabu. Kijana wa Mjambere akizimikiwa na stima, au bando likimwishia akiwa na ngome mbili zaidi, hapana mkuu wa kumwamulia. Alama zake huenda.

Nazo alama hizi ndizo zilizokuja kuchukua mahali pa yule aliyekaa tangu alasiri hata magharibi. Arpad Elo, mwalimu wa fizikia wa Milwaukee aliyezaliwa Hungaria, ndiye aliyetengeneza hesabu iliyokubaliwa na shirikisho la dunia mwaka 1970, na viwanja vya mtandaoni hutumia hesabu za Mark Glickman, ambazo ni mjukuu wake. Mafhumu yake si mazito: mchezaji aliyemzidi mwenziwe kwa alama 200 hutarajiwa kupata kama pointi 76 katika michezo 100, na aliyemzidi kwa 400 kama 91. Lichess humwanzisha kila mtu katika 1500, kisha humshusha au kumpandisha kwa kasi hata ajulikane. Kwa hivyo maendeleo ya kijana wetu yana sura inayotabirika. Hushuka kwanza, kwani hajui kwamba kula si lazima. Halafu, mara tu anapoacha kutoa kete bure, hupanda kwa miezi michache mfululizo, kwa kuwa mahasimu wa tabaka lile hawawezi kuona mlolongo wa miendo minne mbele, naye aliyelelewa na dama aweza. Kisha husimama. Hupanda alama thelathini leo, akapoteza arubaini kesho alfajiri kwa usingizi, na hali hiyo yaweza kumshika mwaka mzima, naye akadhani kwamba tiba yake ni kucheza zaidi.

Tiba haiko hapo. Michezo ya dakika moja na dakika tatu humpa kijana kile alicho nacho tayari, wepesi wa mkono na jicho la mtego, na humnyima anachokosa, yaani subira ya kukaa na nafasi isiyokuwa na cha kula. Katika bao hali hiyo ina adabu yake: fundi asiye na mtaji hutakata kwa hadhari, akijua kwamba mwendo usiokula nao ni mwendo, na kwamba wakati mwingine kazi yake yote ni kuyapanga mashimo ili zamu ijayo imkute tayari. Kijana ambaye babu yake alilijua hili hana haja ya kutafsiriwa kitabu cha Kirusi ili alielewe. Ana haja ya kukumbushwa kwamba farasi anayerudi nyuma anatakata.

La pili ni mwisho wa mchezo. Hapa vijana wengi wa mtandaoni, si wa Mjambere tu, ni maskini kabisa, kwani michezo yao huisha kabla ya kufika huko, ama kwa mtego ama kwa saa. Mwambie kijana kwamba ngome na kitunda dhidi ya ngome tupu ni elimu inayojitegemea, atakuitikia kwa heshima, asifanye kitu. Lakini mwonyeshe ile nafasi inayoitwa ya Lucena, ambapo mfalme amesimama mbele ya kitunda chake mwenyewe kilichobakiza hatua moja kiwe malkia, naye hawezi kutoka kwa kuwa ngome ya hasimu inamzuia, hata ngome yake ipande safu ya nne kumjengea kivuli; mwonyeshe hayo mara tatu kwa vidole, atakuuliza nani aliyebuni. Nawe utalazimika kumwambia kwamba Lucena, Mhispania aliyechapisha kitabu chake mwaka 1497, hakuiandika nafasi hiyo popote, na jina limemganda kwa makosa ya waliokuja baadaye.

Injini zilizomo ndani ya simu zingeweza kumfundisha haya, na nguvu zake hazina shaka tena tangu kompyuta iitwayo Deep Blue ilipomshinda bingwa Kasparov mwezi wa Mei 1997. Leo programu isiyouzwa hata senti yaweza kumwambia kijana, mara tu mchezo uishapo, mahali alipokosea na kwa kiasi gani. Aibu ni kwamba humwambia kwa tarakimu. Mtazamaji wa kibarazani alikuwa na ujuzi mdogo kuliko injini kwa kiasi kisichopimika, lakini alipokosoa alikosoa tabia: kwamba fulani hula kabla ya kutazama, kwamba fulani akishambuliwa hushika kete ya pili. Tabia hujirudia, na kosa lililotajwa kwa tabia hukumbukwa. Ndiyo maana namwona kijana akiipitia michezo yake ishirini iliyopotea, akiona alama nyekundu ishirini, asitambue kwamba makosa yote ishirini ni kosa lile lile.

Siku moja kijana huyo atataka kucheza katika mashindano ya ana kwa ana, mbele ya ubao wa kweli. Hapo atakutana na kanuni ambayo kioo hakikumfundisha, ya kwamba aliyeigusa kete yake lazima aichezeshe ikiwa ina pa kwenda, na aliyeigusa ya mwenziwe lazima aile ikiwa yalika. Kidole kilichozoea kuiburura kete na kuirudisha kabla ya kuinuliwa kitamshika farasi, kitasita, na msimamizi atakuwa amesimama karibu. Atalazimika pia, katika michezo mirefu, kuiandika kila hatua kwa kalamu, na mtu asiyewahi kukaa dakika nne juu ya mwendo mmoja ataona mikono yake haina kazi.

Kama angenitaka shauri, ningemwambia apunguze michezo ya usiku, atafute ubao wa mbao na saa ya dakika thelathini, na jioni mbili kwa wiki aketi na mmojawapo wa wazee wa dama waliosalia kwenye vibaraza vya Mjambere, mtu asiyejua chochote katika sataranji ila jinsi kete zinavyokwenda. Mzee atacheza vibaya sana. Atakula kila alicholishwa, na atamzuia mfalme mahali pa kumfunga, kisha atadai kwamba ameshinda na kuyataka maelezo. Na kijana, katika kumweleza, atakuwa anautazama mkono wake mwenyewe ukicheza upande wa pili wa ubao.